Boriti Moja Moja

Kompyuta 14 zilifika ukutani, pale gatini Lamu, kwa boti kutoka Mokowe upande wa bara, zimefunikwa turubai ambalo halikuzuia chumvi hata kidogo. Zilikuwa mitumba ya ofisi fulani ya Mombasa: masanduku mazito ya chuma, RAM ya GB 2, diski za kuzunguka, nyingi za GB 80, na vumbi la miaka ndani ya feni. Shule iliyozipokea iko nyuma ya mtaa wa Langoni. Mwalimu mkuu alikuwa amenipigia simu wiki moja kabla, akaniuliza, "Fundi, kuziwekea mfumo ni kazi ya siku mbili, au sivyo?" Nami nikamjibu, siku mbili ni nyingi, mwalimu, moja itabaki.

Sijui mdomo ule niliutoa wapi. Dukani kwangu nilizoea mashine moja kwa siku. Naichomeka, naweka flashi, naenda zangu kunywa kahawa, nikirudi baada ya Adhuhuri nakuta imemaliza. Miaka yote hiyo sikuwahi kukaa nikaitazama ikifanya kazi, na mtu asiyeitazama kazi hajui inachukua muda gani.

Masanduku yalibebwa na punda, mawili mawili ndani ya shogi. Skrini zilikwenda kwa mkokoteni kwa sababu mwenye punda alikataa katakata kubeba vioo. Chumba tulichopewa kilikuwa na soketi mbili, na ukiwasha mashine ya nne swichi kuu inaruka, giza totoro. Kwa hiyo tukafanya tatu tatu, mimi na mpwa wangu, ambaye alikuwa amefunga shule na mamake hakutaka ashinde baharini.

Desturi yangu ni kuweka Debian tupu kwanza, yaani mfumo endeshi wa jamii ya Linux, bila madirisha ya skrini wala programu za kuandikia, kisha nikaongeza kila kitu kwa amri moja ndefu ya apt, programu yake ya kushusha na kuweka programu nyingine. Ile sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, robo saa tu. Ya pili ikala saa 1 na dakika 25. Tukaanza raundi nyingine. Ilipofika kama robo tatu ya njia, stima ikapotea, ikarudi baada ya Alasiri. Tukaanza upya. Jua linatua tuna mashine tatu kati ya 14, na mwalimu mkuu alikuwa amekwishachungulia mlangoni mara mbili, kila mara akisema, "Endeleeni tu, endeleeni tu," kwa sauti ya mtu anayehesabu.

Usiku ule nililaumu intaneti. Ni mazoea: huku kwetu kila kitu kikichelewa tunasema ni netiweki. Nikaigeuza laptopu yangu iwe ghala la vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kwa kuwekwa, kwa kutumia apt-cacher-ng, ili kila kifurushi kishushwe mara moja tu kutoka nje, kisha mashine zote zichukue kwangu kwa kebo. Asubuhi nikaja nayo kwa bashasha. Raundi ikapungua kwa dakika 10. Dakika 10 si haba, lakini nilitegemea nusu, na bashasha ikaniisha.

Mpwa wangu ndiye aliyeona. Alikuwa amekaa sakafuni, amechoka na kucheza na simu, akasema, "Mjomba, mbona hii taa nyekundu haizimi? Na mbona inatafuna?"

Nikaweka sikio kwenye sanduku. Kweli ilikuwa inatafuna: krr-krr-krr, bila kupumzika, kama panya kwenye dari ya makuti. Ile ni sauti ya mkono wa diski ukienda na kurudi. Nikafungua skrini ya pili nikaandika top, amri ya kuonyesha mashine inashughulika na nini, nikaangalia ile safu ya juu ambayo kwa kawaida macho yanairuka. Prosesa ilikuwa inatumia asilimia 5 hivi ya nguvu zake. Herufi mbili, wa, zilikuwa na 90 na kitu mbele yake. Wa ni muda ambao prosesa imekaa mikono kifuani inangoja diski. Vifurushi vimekwishafika, mtandao umemaliza kazi yake, prosesa haina la kufanya, na sote tunaingojea sahani ya chuma izunguke.

Nikachukua kifurushi kimoja cha kawaida nikakiweka huku nikikichungulia kwa strace, programu inayoonyesha kila ombi linalopelekwa kwa kerneli, kiini cha mfumo. Kilikuwa na mafaili yasiyofika 400. Maombi ya fsync, yaani ya kungoja mpaka faili lifike diskini, yalizidi 400.

Hapa ndipo nilipolazimika kumweleza mpwa wangu, na kumweleza mtoto ndiko kulikonifanya nielewe mwenyewe.

Babu yangu alikuwa karani wa boriti. Boriti za mikoko zilikatwa huko misituni, zikaletwa kwa jahazi, zikashushwa ufuoni, na zikahesabiwa kwa korija, yaani 20 kwa 20. Nikamwambia: sasa chukua hamali. Njia ya kwanza, anashusha boriti moja, anaipeleka ghalani, anasimama mbele ya karani, karani anavaa miwani, anafungua daftari, anaandika, anapiga muhuri, ndipo hamali anarudi ufuoni kuchukua ya pili. Njia nyingine, hamali wanazirundika zote ufuoni haraka haraka, kisha wanazibeba kwa korija, na karani anaandika mstari mmoja kwa kila korija. Boriti ni zilezile, na ghala ni lilelile.

"Sasa mbona wafanye ya kwanza?" akauliza.

"Maji yakijaa, zile za ufuoni zinachukuliwa."

fsync ndiyo ile safari ya boriti moja. Kwa kawaida programu ikiandika faili, kerneli inalipokea kwenye RAM na kusema asante, kisha inalipeleka diskini kwa wakati wake, mara nyingi ndani ya sekunde 30 hivi. Programu ikiita fsync, inasema: sibanduki hapa mpaka niambiwe kwamba faili hili limelala kwenye chuma chenyewe. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, yaani kila mzunguko unachukua kama milisekunde 8. Mkono nao unahitaji muda wake kuhama. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili tuliotumia, kuna kuandika data yenyewe na kuna kuandika kwenye daftari la mfumo wa mafaili, na sehemu hizo mbili haziko jirani. Tukisie milisekunde 30 kwa faili. Kompyuta yenye madirisha na programu za shule inapita mafaili 100,000 kwa urahisi. Hiyo ni sekunde 3,000, dakika 50 za kungoja tu. Hesabu hii ni ya mkononi, kwa sababu kuna mafaili yanayopata lifti ya wenzao na kuingia kwa safari moja, lakini ilikaribiana mno na nilichokiona kwa saa yangu.

Nikataka kujua nani aliyeiamuru dpkg, ile programu inayofungua vifurushi vya Debian, kuwa na wasiwasi kiasi hiki. Kumbe ina haki yake. Ext4 ilitangazwa kuwa tayari kwa matumizi mwishoni mwa 2008, na kasi yake nyingi inatokana na kuchelewa kuamua faili likae wapi diskini. Mwaka uliofuata watu wakaanza kupata ajali za ajabu: stima inakatika, mashine inawaka tena, unakuta faili lina jina, lina tarehe, lina kila kitu isipokuwa yaliyomo. Baiti sifuri. Kwa hiyo mwaka 2010 dpkg ikafundishwa kuandika kila faili kwa jina la muda, kuliitia fsync, ndipo ilipe jina lake halisi. Mashine zikawa salama zaidi, na wenye diski za kuzunguka wakaanza kulalamika kwa upande mwingine.

Lakini hebu tazama hali yetu pale Langoni. Diski tupu. Hakuna barua ya mtu, hakuna alama za mtihani, hakuna picha ya harusi. Stima ikikatika katikati, kwa fsync au bila fsync, mimi naanza upya tu, kama nilivyofanya jana yake. Tulikuwa tunampigia karani foleni ya kulinda boriti ambazo hata zikichukuliwa na maji tutakwenda kukata nyingine. Hilo ndilo lililoniuma, zaidi ya muda wenyewe.

Dawa ipo na ina jina la kutisha: eatmydata, yaani kula data yangu. Iliandikwa na Stewart Smith, mtu wa hifadhidata huko Australia, na jina lile ni onyo la wazi. Ni maktaba ndogo inayopakiwa mbele ya programu nyingine. Programu ikiita fsync, maktaba inadaka lile ombi na kujibu, "Tayari, bwana," bila kufanya lolote. Huna haja ya kugusa dpkg wala kerneli. Unaandika eatmydata, nafasi, kisha amri yako ya apt kama kawaida.

Tukajaribu raundi ya tatu. Ile sauti ya kutafuna ikageuka. Kukawa na ukimya, kisha mngurumo mrefu wa diski ikiandika kwa mfululizo, kisha ukimya tena. Ni kweli hamali walikuwa wanabeba kwa korija. Ile saa 1 na dakika 15 iliyobaki baada ya ghala la laptopu ikashuka mpaka dakika 38. Mpwa wangu alitaka kupiga picha saa ya ukutani.

Nusura tuharibu papo hapo. Apt ilipomaliza na alama ya amri ikarudi, yeye akanyosha mkono kwenye soketi ili tuingize mashine nyingine. Nikamdaka kiwiko. Apt inasema imemaliza kwa sababu imeambiwa hivyo. Nusu ya boriti bado ziko ufuoni. Nikaandika sync, amri ya kupeleka yote yaliyobaki diskini, nikabonyeza, na taa nyekundu ikawaka pamoja na ule mngurumo kwa karibu dakika nzima, huku sote wawili tumeitumbulia macho. Ilipozima ndipo tukazima mashine, na hata hapo kwa amri, si kwa kuchomoa.

Mashine moja haikufurahia dawa. Ilikuwa na RAM ya MB 512 tu, sijui iliingiaje kwenye kundi lile. Kwake tuliokoa dakika chache mno, kwa sababu ufuo wake ni mdogo: ukirundika kidogo tu umejaa, na kerneli inalazimika kuanza kubeba hapohapo. Nyingine ilikuwa na diski yenye sehemu mbovu. Hiyo tuliing'oa diski tukawapa watoto wa darasa la sayansi waifungue.

Kwa kuwa nilikuwa nimepandwa na wazimu wa kasi, nikajaribu na mengine. Niliiambia dpkg isiweke nyaraka za /usr/share/doc, maelfu ya mafaili madogo ambayo hakuna mwanafunzi atakayeyafungua, na hilo lilisaidia kwa kiasi cha kuonekana. Nikaweka noatime ili mfumo usiandike saa ya kila faili linaposomwa. Hapo sikuona tofauti yoyote, kwa sababu Linux tangu 2009 imeacha kuandika saa hizo kila mara. Jamaa yangu mmoja wa Malindi aliponisikia nikisimulia alicheka, akaniuliza kwa nini sikuweka mashine moja vizuri kisha nikanakili diski yake kwa nyingine. Ana haki. Kwa mashine za aina moja ndivyo ninavyofanya siku hizi. Zile zilikuwa za aina tatu tofauti, diski za ukubwa tofauti, na kusema kweli nilikuwa nimeshanogewa.

Siku ya tatu niliongeza kosa langu. Eatmydata inafanya kazi kwa amri ile tu uliyoitanguliza, ikisha imekwisha. Lakini nilichoka kuandika, na baadhi ya vifurushi nilikuwa naviongeza kimoja kimoja kwa mkono. Basi kwenye mashine tatu za mwisho nikatumia njia ya mkato ya dpkg yenyewe: faili dogo ndani ya /etc/dpkg/dpkg.cfg.d lenye neno moja tu, force-unsafe-io. Maana yake, usihangaike na fsync kabla ya kubadilisha jina la faili. Nilikusudia kulifuta mwishoni. Mwishoni kulikuwa na adhana ya Magharibi, mwalimu mkuu mlangoni na sahani ya viazi vya karai, mpwa wangu akikunja kebo, na kila mtu akisema Mwenyezi Mungu awalipe. Nikaenda nyumbani nimeshiba.

Miezi miwili baadaye mwalimu wa kompyuta akanipigia. Mashine moja inawaka, inaonyesha maandishi meupe, basi, haifiki kwenye madirisha. Nikamuuliza kama kuna kilichotokea. "Stima ilikatika tukiwa tunafanya sasisho, lakini zote zilizimika, na nyingine ziko sawa." Aliniambia hivyo kana kwamba anaomba radhi, na mimi tumbo likaanza kunikata kabla sijafika.

Niliiwasha kwa flashi nikaanza kutafuta mafaili matupu ndani ya /usr/lib. Kuna mafaili machache ambayo kiasili ni matupu, hayo nayajua. Hapa kulikuwa na orodha iliyojaa skrini, na yote yalikuwa ya vifurushi vilivyosasishwa siku moja. Kilichonishangaza ni kwamba mengi yalikuwa maktaba zenye namba mpya ya toleo. Faili jipya linapochukua nafasi ya la zamani lenye jina lilelile, ext4 ina kinga: inawahi kuliandika. Iliongezwa baada ya yale malalamiko ya 2009. Lakini maktaba ya toleo jipya ina jina jipya, haichukui nafasi ya mtu, kwa hiyo haikupata kinga ile, na mimi ndiye niliyeiondolea ile nyingine. Daftari la dpkg nalo lilikuwa linasema vifurushi vyote vimewekwa, vimekamilika. Daftari lake huwa inaliandika kwa uangalifu wote. Karani amepiga muhuri, ghala halina kitu.

Nikawaza kumwambia mwalimu ni diski imezeeka. Angeniamini, diski zenyewe zilikuwa zee kweli. Nilikaa pale na lile wazo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hatimaye nikamwita, nikamfungulia faili langu lenye neno moja, nikamwambia hili nililiacha mimi. Akalisoma, akaniuliza maana yake, nikamweleza habari ya babu na boriti. Akacheka, akauliza swali moja tu: "Na zile mbili nyingine?"

Zile mbili nyingine zilikuwa nalo vilevile. Nikalifuta kwenye zote tatu, nikaviweka upya vile vifurushi kimoja kimoja, safari hii kwa fsync zote, krr-krr-krr mpaka Isha. Bahati nzuri kazi za wanafunzi hazikuguswa; sasisho lilikuwa limegusa mafaili ya mfumo tu.

Tangu siku ile mpwa wangu, ambaye sasa ndiye anayefanya kazi nyingi dukani, ana plasta nyeupe ya kubandika. Tukiweka mashine katika hali ya haraka anabandika kipande mbele ya sanduku na kuandika kwa kalamu nene UFUONI. Haruhusu mtu kukibandua, hata mimi, mpaka mafaili ya mkato yafutwe, sync ipigwe, na taa izime. Diski za SSD zimepunguza haja ya mambo haya, kwa kuwa hakuna mkono wa kuhama na fsync moja inakwisha haraka mno. Hata hivyo mitumba ya diski za kuzunguka bado inashuka Mokowe, na mtu akitaka tumwekee mfumo kwenye flashi ya bei rahisi, fsync huko inaumiza kuliko kwenye chuma.

Mwezi uliopita nilipita ile shule kwa shughuli nyingine, nikachungulia chumba cha kompyuta. Kona ya mbali, karibu na dirisha, sanduku moja lilikuwa bado na plasta, imekuwa ya njano, herufi zimefifia lakini zinasomeka. Mwanafunzi alikuwa anaitumia mashine hiyo kuandika insha. Nikamwomba, "Mwanangu, nipishe dakika moja tu." Nikafungua /etc/dpkg/dpkg.cfg.d. Hamkuwa na kitu cha kwetu. Mpwa wangu alikuwa amefuta, akasahau kubandua. Nikaibandua mwenyewe, ikaacha alama ya gundi, na mtoto akarudi kwenye insha yake.